DALILI YA MVUA NI MAWINGU: KUSOMA MAJIRA KATIKA MILIMA YETU YA USAMBARA

(Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya haki, amani na uumbaji. Pengine mlitazamia nianze na nyaraka za Kanisa au na sheria za nchi. Hizo tutazifikia. Lakini napenda tuanze na mambo yaliyo karibu zaidi, ambayo kila mmoja wetu huyapita njiani aendapo shambani au kanisani: mti ulioanza kuchipua, ndege aliaye bondeni, kijito kilichopungua maji. Hoja yangu ni moja, nami naitaja mapema ili tuifuate pamoja. Kuziangalia dalili za majira karibu na nyumba zetu si mchezo wa watoto, wala si starehe ya watalii. Ni wajibu wa haki. Mtu asiyejua ardhi yake ilikuwaje jana hawezi kuitolea ushahidi inapodhulumiwa leo.

1. JE, KWETU KUNA MACHIPUKO?

Vitabu vya jiografia vilitufundisha kwamba nchi za Ulaya zina majira manne, na kwamba mojawapo ni majira ya machipuko, wakati theluji inapoyeyuka na miti iliyokuwa mitupu inapovaa majani. Wengi wetu tulitoka shuleni tukiamini kwamba sisi hatuna jambo la namna hiyo. Tuna mvua na jua basi.

Lakini mkaaji wa Lushoto anajua kwamba mwaka wake una sura nyingi. Kuna masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kuna kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Katikati ya Julai na Septemba, kwa wale waliojaliwa, hunyesha mvua nyepesi za mluati. Kuna vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi cha Januari na Februari. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha meta zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Magamba na Shagayu ni virefu zaidi ya hapo. Kwa hiyo kipupwe chetu ni baridi ya kweli. Ukungu hukaa mabondeni hadi saa nne asubuhi, mahindi hukua polepole, na wazee hawaondoki jikoni penye moto.

Ndipo, mwishoni mwa Agosti na mwezi wa Septemba, jambo hutokea. Ukungu huondoka mapema, ardhi hupata joto, na miti iliyoonekana imekufa huanza kutoa ncha za kijani hata kabla tone la vuli halijaanguka. Hayo ndiyo machipuko yetu. Hayaji na kuyeyuka kwa theluji, bali huja katika siku zile za kungojea, kati ya baridi inayokwisha na mvua isiyofika bado.

Sababu yake iko angani. Kila mwaka jua husafiri kutoka kaskazini kwenda kusini. Huvuka ikweta karibu na tarehe 23 Septemba, na mwanzoni mwa Oktoba hupita juu ya utosi wetu sisi wa Usambara. Ukanda wa mvua hulifuata jua hilo kwa nyuma, kama mtumishi amfuataye bwana wake. Pepo za kusi hulegea, na mawingu ya mvua huanza kupanda kutoka upande wa bahari. Mti haungoji kuambiwa. Wenye mizizi mirefu hutumia maji uliyoyaweka akiba katika shina na yale yaliyo chini sana ardhini, ukayafungua majani yake ili mvua itakapofika iukute tayari. Kumbe mti nao hukesha, kama wale wanawali watano wenye busara.

2. DALILI ZILIZO MLANGONI PETU

Hebu tuzitaje dalili chache ambazo hazihitaji safari wala chombo cha kitaalamu.

Ya kwanza ni miplamu na mipichi iliyo karibu na nyumba zetu. Miti hii ni ya wageni, lakini imekuwa ya kwetu. Plamu za Lushoto huuzwa hadi Tanga na Dar es Salaam ifikapo Desemba. Wakati wa kipupwe husimama mitupu, kisha hufunikwa na maua meupe na ya waridi kabla ya majani. Ni vema tujue siri yake. Miti hii huhitaji baridi ya kutosha ili ipate kulala, na isipolala vizuri haiamki vizuri. Kipupwe kikipita bila baridi, maua hutoka machache, tena kwa vipande vipande, tawi hili leo na tawi lile baada ya wiki tatu.

Ya pili ni mshai. Wazee wengi wa Kisambaa huuhesabu mti huu kuwa kalenda yao. Mshai unapopukutisha majani ya zamani na kuchipua mapya, mororo, mama huanza kuchagua mbegu na baba huanza kunoa jembe.

Ya tatu ni ndege. Dudumizi hulia kwa sauti ile ya maji yanayomiminwa kutoka katika chupa, na watu wa pwani na wa bara pia humwita mtangaza mvua. Kisha huja mbayuwayu. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mbayuwayu wa Ulaya hujenga kiota na kulea makinda huko wakati wa machipuko na kiangazi chao. Baridi inapokaribia, huruka maelfu ya kilometa kuja kwetu na nchi za kusini yetu, naye huanza kuonekana Septemba na Oktoba. Ndege yule yule anayemwambia mkulima wa Poland au Ujerumani kwamba theluji imekwisha, ndiye anayepita juu ya mashamba yetu siku za vuli. Mungu amezifunga nchi zetu pamoja kwa uzi wa mabawa.

Ya nne ni wadudu na viumbe wadogo. Vyura huanza kuitana kwenye mabonde yenye unyevu. Siafu huhama kwa misafara. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi hutoka kichuguuni kwa maelfu, nao watoto hukimbia na vyombo, maana ni kitoweo. Mjini Lushoto hata jakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, hutandika zambarau barabarani mwezi wa Oktoba.

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Hawakuwa wakizungumzia mvua peke yake. Walikuwa wakitufundisha kwamba kila jambo kubwa hutanguliwa na dogo, na kwamba mwenye hekima huliona likiwa bado dogo.

3. BWANA WETU ALIKUWA MSOMAJI WA MAJIRA

Ndugu wapendwa, Yesu alikulia kijijini. Alijua mbegu, shamoro na magugu, na mifano yake inatoka huko. Katika Injili ya Luka, sura ya 21, anawaambia wanafunzi wautazame mtini na miti mingine yote: ikianza kuchipua, wao wenyewe hujua kwamba kiangazi kimekaribia. Vivyo hivyo, asema, wayatambue mambo yanayotukia kuwa ishara ya ufalme wa Mungu. Angalieni kwamba hasemi wakaulize kwanza kwa waandishi au kwa wakuu. Ametegemea kwamba mvuvi na mkulima wanao uwezo wa kuona wenyewe.

Katika sura ya 12 ya Injili hiyo hiyo maneno yake ni makali zaidi. Watu wa nchi yake waliona wingu likitokea magharibi, upande wa bahari yao, wakajua mvua inakuja. Kwetu bahari iko mashariki, lakini mafundisho ni yale yale. Yesu anawaita wanafiki, kwa sababu wanajua kuusoma uso wa nchi na wa mbingu, lakini hawataki kuzisoma nyakati zao. Na mara baada ya hayo anawauliza kwa nini hawaamui wenyewe yaliyo haki. Mnaona mfuatano huo: kwanza wingu, kisha nyakati, kisha haki. Bwana mwenyewe ndiye aliyeziunganisha.

Karne nyingi kabla yake nabii Yeremia, katika sura ya 8, alilia kwamba korongo angani anajua majira yake, hua na mbayuwayu hushika wakati wa kurudi kwao, lakini taifa la Mungu halijui hukumu ya Bwana. Palestina ni njia kuu ya ndege wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika. Huenda korongo aliyemwona Yeremia alikuwa akitoka upande wetu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo iliyotolewa mwaka 1965, ulitukumbusha wajibu wa kuzipeleleza ishara za nyakati. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba amani na Mungu haitengani na amani na viumbe vyote. Mwaka 2015 hayati Papa Fransisko alitupatia waraka wa Laudato Si', akaiweka pia tarehe 1 Septemba kuwa siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji. Kipindi kinachofuata, hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi tarehe 4 Oktoba, kwetu Usambara huangukia hasa katika siku zile za machipuko. Sala ya Kanisa zima hutukuta tukiwa tumesimama mlangoni tukitazama mshai.

4. KUZIFYA SHI NA KUBANA SHI

Babu zetu Wasambaa hawakuhitaji kufundishwa kwamba mvua na haki vina uhusiano. Lugha yao ina maneno mawili ambayo ningependa vijana wetu wasiyapoteze: kuzifya shi, yaani kuitengeneza na kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi ilihesabiwa kuwa imeponywa mvua iliponyesha kwa wakati wake, chakula kikatosha, na watu wakakaa kwa amani chini ya mtawala mmoja. Ilihesabiwa kuwa imeharibiwa njaa ilipoingia, na mara nyingi njaa hiyo ilitajwa pamoja na ugomvi wa wakuu. Wafalme wa Kikilindi waliokaa Vugha walisadikiwa kuwa na nguvu juu ya mvua, na kwa hiyo watu waliwadai mvua kama walivyowadai hukumu ya haki.

Sisi Wakristo tunaungama kwamba mvua hutoka kwa Mungu, naye huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Hatuirudii imani ile katika nguvu za mfalme. Lakini ndani ya maneno yale mawili mna ukweli ambao Injili haiufuti: hali ya nchi ni kioo cha namna tunavyoishi sisi kwa sisi. Wakubwa wanapogombana, wenye nguvu wanapojichukulia, na mnyonge anapokosa wa kumsikiliza, ardhi nayo huumia.

5. DALILI ZINAPOVURUGIKA, NANI HUUMIA?

Sasa tufike mahali penye uchungu. Katika mikutano ya jumuiya zetu husikika mara kwa mara kwamba majira hayaeleweki tena. Hayo si manung'uniko ya wazee peke yao. Wataalamu wanakubaliana kwamba dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na mitambo, na kwa sababu ya ukataji wa misitu, na kwamba mvua za ukanda wetu zimekuwa za kuyumba. Tazameni miaka miwili tu. Vuli ya mwaka 2022 ilichelewa na kuwa haba hata mto Ruvu ukapungua, na wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgao. Vuli ya mwaka 2023 ilikuja na El Niño, mafuriko yakapiga mikoa mingi, na tarehe 3 Desemba tope la mlima Hanang likashuka Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Katika hali hiyo, chukulieni mfano wa mama mjane mwenye shamba la nusu ekari kwenye mteremko, na debe moja la mbegu alilolinda miezi yote asilile. Mwishoni mwa Septemba mvua inanyesha siku mbili. Je, ni vuli, au ni mvua ya kudanganya? Akipanda na jua likarudi wiki tatu, mbegu zinaoza au miche inakauka, na hana debe la pili. Akingoja na mvua ikaendelea, amechelewa, na mazao yake yatakutwa na kiangazi. Jirani yake mwenye duka hununua mbegu mara ya pili bila kuhangaika. Ndiyo kusema kosa la siku kumi katika kusoma majira kwa mmoja ni hasara ya fedha kidogo, na kwa mwingine ni njaa, ni mtoto aliyeacha shule, ni deni lisilolipika. Na mama huyo hakuwasha kiwanda hata kimoja. Hapa ndipo suala la hali ya hewa linapokuwa suala la haki.

Kuna pia haki ya kujulishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu. Lakini tujiulize: utabiri huo humfikia nani? Redio na simu nyumbani ziko mikononi mwa nani? Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wataalamu wa hali ya hewa, walikaa na wakulima wa wilaya hii ya Lushoto ili kuoanisha dalili za kienyeji na utabiri wa kisayansi. Waliona, kama tunavyoona sisi, kwamba elimu hizi mbili si maadui. Utabiri wa kitaifa husema habari za eneo kubwa. Mshai husema habari za bonde hili. Anayevisikiliza vyote viwili hupanda kwa uhakika zaidi kuliko anayesikiliza kimoja tu.

6. UKIKATA MTI UMEMWUA SHAHIDI

Hata hivyo si makosa yote ni ya watu wa mbali. Iko sehemu yetu, nayo tusiifiche. Dalili haziwezi kusomwa pale ambapo kilichokuwa kikizibeba kimeondolewa. Mshai ukikatwa kwa ajili ya mkaa, kalenda imechomwa. Bonde la chemchemi likilimwa kabichi hadi ukingoni, vyura hunyamaza. Mikaratusi ikipandwa juu ya chanzo cha maji, hunywa maji ambayo yalikuwa ya watoto wetu.

Na maji hayo si yetu peke yetu. Mto Umba huanzia katika milima hii, ukashuka nyika ya kaskazini na kumwaga maji yake baharini upande wa Kenya. Mto Mkomazi na mto Lwengera huchukua maji yetu hadi Pangani, ambao huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani. Mto Zigi wa Usambara Mashariki huwanywesha wakazi wa jiji la Tanga. Mwanamke wa Shambaai anayelinda chemchemi huwasha taa katika nyumba ya mtu asiyemjua. Je, mtu huyo anajua deni lake? Na sisi tunapoharibu chanzo, je, tunajua ni nani tunayemnyima?

Nitoe mfano wa ua dogo. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya huku kwetu ua la rangi ya zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata wataalamu walilipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo wake. Leo ua hilo limo katika vyungu madirishani mwa mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani, na biashara yake imetajirisha wengi. Lakini katika msitu wa asili limekuwa adimu, kwa maana haliwezi kuishi bila kivuli cha miti mikubwa. Bibi wa London hulimwagilia kila asubuhi. Kijana wetu hupita karibu nalo asilijue jina, akiwa na shoka begani. Simlaumu kijana. Nauliza tu: nani alimwonyesha? Kitu kisichotambuliwa hakina mtetezi.

7. HISTORIA INATUONYA

Wapo watakaosema: basi serikali ilete amri kali. Sheria ni muhimu, nami nitaitaja. Lakini historia ya milima hii inatuonya. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, uliokuja kuenezwa sehemu nyingine za Usambara. Lengo lake lilionekana jema. Lakini wakulima walilazimishwa kulima matuta kwa amri, kazi ilikuwa nzito na mavuno hayakuonekana, na mzigo mkubwa uliwaangukia akina mama. Aliyekaidi aliadhibiwa. Watu wakaupinga mpango huo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaachwa.

Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine, SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani. Huo ulihimiza makinga ya majani ya malisho na miti kwenye miteremko, na ng'ombe kufugwa zizini. Nao ulikuwa na mapungufu yake, lakini mkulima alipata majani ya kumlisha ng'ombe na samadi ya kurutubisha shamba, na hadi leo makinga mengi bado yanaonekana. Fundisho ni wazi. Kuihifadhi ardhi bila kumheshimu anayeilima ni dhuluma nyingine iliyovaa nguo nzuri. Anayeijua miteremko hiyo kwa nyayo zake lazima awe wa kwanza kusikilizwa.

8. TUFANYE NINI?

Ndugu viongozi, napendekeza mambo manne, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila jumuiya ndogondogo iwe na daftari la majira. Linatosha daftari la shule. Yaandikwe mambo machache kwa tarehe: siku mshai ulipochipua, siku mplamu ulipotoa ua la kwanza, siku mbayuwayu alipoonekana, siku mvua ya kwanza iliponyesha na siku iliyokatika, wiki kijito kilipokauka. Baada ya miaka mitano mtakuwa na ushahidi ambao hakuna ofisi inayo. Mtakapokwenda kwenye mkutano wa kijiji kutetea chanzo cha maji, hamtasema tunahisi, mtasema tumeandika. Na vijana wa VIWAWA ndio washike kalamu, wazee wakiwa walimu wao, ili elimu isizikwe pamoja na mababu.

Pili, utabiri wa hali ya hewa utangazwe kanisani na kwenye mikutano ya jumuiya, kwa lugha inayoeleweka, wakiwemo akina mama wa WAWATA na wale wasio na redio wala simu. Tangazo la mvua lina haki ya kusomwa pamoja na tangazo la ndoa.

Tatu, tuijue sheria na tuitumie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kudhuru ndani ya meta 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji. Kamati ya mazingira ya kijiji ipo kwa kazi hiyo. Walei wagombee nafasi humo. Lakini mwenye shamba dogo ukingoni asifukuzwe kama mwizi; kijiji kimtafutie njia ya kuishi, la sivyo tunarudia makosa ya Mlalo.

Nne, tuwe na akiba ya mbegu ya jumuiya. Kila mwenye mavuno atoe kibaba kimoja. Mvua ikimdanganya mjane, asibaki mikono mitupu. Hiyo ndiyo bima ya maskini, na ndiyo Ekaristi inayoendelea baada ya Misa.

9. HITIMISHO

Baada ya gharika Mungu aliahidi kwamba muda wote dunia idumupo, majira ya kupanda na ya kuvuna, ya baridi na ya joto, hayatakoma. Tunaiamini ahadi hiyo. Lakini ahadi ya Mungu haikutupa ruhusa ya kufumba macho. Mungu ameahidi majira. Sisi ametupa macho, kumbukumbu, na jirani wa kumfikiria tunapopanda. Wakati wa machipuko jirani huyo anahesabu mbegu zake na kutazama mashariki. Tusimwache atazame peke yake. Kuzifya shi ndiyo kazi tuliyopewa tangu bustani ile ya kwanza, na huanzia hatua kumi kutoka mlangoni pako.

Mungu awabariki nyote, na ailinde milima yetu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja dalili tatu za kuja kwa vuli ambazo bibi au babu yako alizijua. Ni zipi ambazo bado unaziona, na ni zipi zilizotoweka? Kwa sababu gani?

2. Katika jumuiya yetu, nani huumia zaidi mvua zinapochelewa? Tumemsaidiaje msimu uliopita?

3. Chanzo cha maji tunachokitegemea kiko katika hali gani leo? Nani anakitumia chini yetu, na je, tumewahi kuzungumza naye?

4. Someni Luka 12:54-57. Ni ishara gani ya nyakati zetu ambayo tunaiona lakini hatutaki kuisoma?

5. Nani atashika daftari la majira la jumuiya yetu, na ataanza lini?